Cheti kinasema 2009, rejista inasema 2007: unavyokagua umri wa mchezaji wa U-17 (chini ya miaka 17)

Kocha wa Kakamega ameuliza: winga wake ana cheti cha kuzaliwa cha 2009 lakini rejista ya shule ya msingi inasema 2007. Je, akimpeleka Kisumu apigwe MRI (picha ya ndani ya mwili kwa sumaku), ubishi utakwisha?

Kocha, usiwatoze wazazi hela hiyo. MRI ya kifundo cha mkono huangalia gegedu la kukulia kwenye ncha ya mfupa wa upande wa kidole gumba. Kuna madaraja 6, na anayetolewa ni wa daraja la 6, ambaye mfupa umeshaungana kabisa. Utafiti wa 2007 ulikuta chini ya asilimia 1 ya wavulana wa miaka 16 wamefika hapo, na FIFA ikaanza kukitumia kipimo hicho kwenye Kombe la Dunia la U-17, Nigeria 2009. Ndicho kilichowang'oa vijana 21 kati ya 30 wa Kamerun kabla ya mechi za mchujo za Januari 2023. Shida ni kwamba wapo wengi wa miaka 17, hata 18, ambao mfupa haujaungana, kwa hiyo kijeba (aliyezidi umri) anaweza kupita vizuri tu. Na kwa wasichana hakifai, maana wao hukomaa mapema.

Rudi kwenye karatasi, uzipange kwa tarehe zilipoandikwa. Kwenye cheti, usiishie kwenye tarehe ya kuzaliwa. Tafuta tarehe ya kusajiliwa. Mtoto husajiliwa ndani ya miezi 6, baada ya hapo ni usajili wa kuchelewa. Huku kwetu wengi wamezaliwa nyumbani, hivyo kuchelewa peke yake si kosa. Ila cheti kilichosajiliwa mwezi mmoja kabla ya fomu za mashindano hakina uzito mbele ya rejista ya darasa la kwanza iliyojazwa miaka kumi nyuma, wakati hakuna aliyejua kama mtoto atacheza mpira.

Kisha mwombe mama kadi ya kliniki. BCG (chanjo ya kifua kikuu) hudungwa mtoto akizaliwa, pentavalenti (ya magonjwa matano) wiki ya 6, 10 na 14, surua miezi 9. Hesabu tarehe hizo kurudi nyuma, zikutane siku moja. Kadi halali ina miandiko ya wauguzi tofauti, wino tofauti, kona zimelika. Ukiona safu zote zimejazwa kwa kalamu moja na mkono mmoja, uliza. Angalia pia chanjo zenyewe: ya nimonia ilianza Kenya 2011, ya rota (virusi vya kuhara) 2014. Kadi ya mtoto wa 2009 iliyochapwa na mstari wa rota ilitolewa baadaye. Huenda ya kwanza ilipotea, lakini hiyo ya pili usiihesabu kama ushahidi wa kwanza.

Linganisha na vyeti vya ndugu zake wa tumbo moja. Mara nyingi aliyepunguza umri hujikuta amepishana na mdogo wake kwa miezi minne. Darasa analosoma lisikupotoshe; wanaorudia madarasa ni wengi mno.

Niseme na hili kwa uchungu: vijeba tunawatengeneza sisi makocha siku ya majaribio. Tunaita vijana 100, tunawachezesha 11 kwa 11 dakika kumi, tunachukua wenye miguvu. Mtoto wa Novemba hapo hana nafasi mbele ya wa Januari, na mzazi anayeona hivyo anakimbilia kukata umri. Wagawe kwa miezi ya kuzaliwa, wacheze 5 kwa 5 kwenye uwanja wa mita 40 kwa 30, vipindi vinne vya dakika sita. Tazama nani anageuza shingo kuangalia nyuma kabla mpira haujamfikia. Hilo halitegemei urefu.

Kuhusu winga wako: U-17 ya 2026 inataka waliozaliwa kuanzia 1 Januari 2009. Usitie sahihi kwenye fomu yake mpaka rejista na kadi zikubaliane. Zikithibitisha 2007, keti naye pamoja na mzazi, mweleze wazi, umhamishie U-20. Mzaliwa wa 2007 bado anaruhusiwa huko hadi mashindano ya 2027, kwa hiyo ana misimu ya kuonekana akiwa na umri wake halisi.