Mirija ya kaboni kufuata uga wa umeme: si kwa sababu ina chaji

Mirija ya kaboni (nanotubes) ni mirija myembamba mno ya atomi za kaboni, na ikioteshwa ndani ya uga wa umeme, yaani eneo ambamo chaji husukumwa na nguvu ya umeme, hujipanga kuufuata. Je, ni kwa sababu ina chaji? Hapana, mrija hauhitaji chaji yake yenyewe. Uga unasukuma elektroni zilizomo ndani, ncha moja inakuwa hasi na nyingine chanya, na kwa kuwa elektroni husogea kwa urahisi zaidi kwa urefu kuliko kwa upana, mrija unageuka mpaka ulale sambamba na uga. Ndiyo maana hata umeme wa AC (unaogeuza mwelekeo kila mara) unafaa: uga ukigeuka, ncha nazo zinabadilishana chaji, mrija unabaki umenyooka vilevile.

Kundi la mwanakemia Hongjie Dai pale Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, lilionyesha hili mwaka 2001, kwa kuotesha mirija kutoka gesi ya methani kwenye nyuzi joto 900 hivi za Selsiasi, mirija ikining'inia juu ya mfereji. Huko kuning'inia ndiko kwenye siri. Mrija wenye upana wa nanomita moja au mbili hutikisika ovyo kwenye joto hilo, na ukishagusa kibao unachooteshewa unanata palepale. Uga kuung'oa ni shughuli. Ukitaka kujaza kibao kizima, bora fuwele ya kwatzi, maana mpangilio wa atomi zake wenyewe huilaza mirija upande mmoja bila umeme wowote.