Mtoto "ana hatia" au "nafsi inamsuta"?

Msomaji ananiuliza hivi: anatafsiri dodoso la utafiti wa hisia za kimaadili kwa watoto wa chekechea China, wale wa miaka 3 mpaka 6. Kuna kisa cha mtoto aliyeiba pipi ya mwenzie, na swali lake kaliandika "Je, mtoto huyu ana hatia?" Mwenzake kamcheka, eti hiyo lugha ya mahakamani. Nani yuko sahihi?

Mwenzako yuko sahihi, ingawa kukucheka si vizuri. "Hatia" kwetu ni kosa lenyewe, sio kinachomchoma mtu moyoni. Mtu anapatikana na hatia huku anapiga miayo kizimbani, hajisikii chochote, na bado Kiswahili kiko sawa. Sasa angalia inavyokuharibia kipimo. Mwaka 1988 watafiti Gertrud Nunner-Winkler na Beate Sodian huko Ujerumani walichapisha utafiti wenye kisa kama hicho hicho cha pipi, na wengi wa watoto wa miaka 4 walijua kabisa kuiba ni vibaya ila wakasema mwizi anajisikia raha, si kapata pipi bwana! Kinachopimwa ni hilo pengo kati ya kujua kosa na kuumia kwa kosa. Ukiuliza "ana hatia?" watoto watakujibu ndio, kaiba, na wewe utaandika kwamba wanajuta kumbe wala.

Neno la Kichina hapo kama sikosei ni neijiu. Nei ni ndani, na herufi ya jiu imechorwa ndani ya alama ile inayotumika kwenye maneno ya magonjwa, yani ni kitu kinachokuuma kwa ndani. Kiswahili tunacho siku zote: nafsi inamsuta. Ni kama mtu kaja kukusuta mlangoni, tofauti yake aliyekuja ni wewe mwenyewe.

Kwenye aibu ndo kuna kazi, manake Wachina neno hilo wanalo kwa magunia. Mtafiti Jin Li na wenzake 2004 walichambua maneno 113 ya Kichina yanayohusu aibu. Mtoto mdogo anaanza na xiu, mkubwa anajikwaruza shavu kwa kidole huku anamwambia xiu xiu lian, kama sisi tunavyomvutia mtoto "aibuuu". Lakini haixiu, neno lenye xiu hiyo hiyo ndani yake, ni pia la mtoto anayejificha akiona wageni. Na sisi ni vile vile! Mgeni kaingia, mtoto kajifunika na kanga ya mama yake, mama anacheka, "anaona aibu huyu", hapo hakuna kosa lolote lililotendeka. Kwa hiyo dodoso likisema tu "mtoto anaona aibu" mwalimu mmoja ataweka tiki kwa sababu mtoto kavunja kikombe na mwingine ataweka kwa sababu mtoto hasalimii watu.

Mimi ningegawa hivi, ya wageni iite "haya", ambayo kwetu ni sifa (asiye nayo tunamwita mkavu wa macho), ya kosa iite "aibu" ila lazima useme aibu ya nini na mbele ya nani. "Fedheha" na "soni" waachie watu wazima, mtoto wa miaka 4 hazijui. Hata hiyo "nafsi inamsuta" iweke kwenye fomu ya mwalimu na mzazi peke yake, ukimuuliza mtoto nafsi ni nini atakutolea macho.

Kwa mtoto mwenyewe andika maneno ya mdomoni: "Huyu kachukua pipi ya mwenzie. Sasa hivi moyoni anafurahi au anajisikia vibaya?" Halafu "Kwa nini?" Usiruke hiyo kwa nini, maana kuna atakayesema anajisikia vibaya kwa sababu mama atamchapa, na huo ni woga, sio nafsi kumsuta.