Ninyi mnaokuja Tabora kuandika historia ya shule

Wiki iliyopita wamekuja tena. Watatu, mabegi mgongoni, barua ya kibali kutoka kwa RAS (Katibu Tawala wa Mkoa) imekunjwa mara nne mpaka muhuri umepasuka. Saa nne asubuhi wako ofisini kwa mkuu wa shule, saa saba wako karibu na stesheni wanakula chipsi mayai, utafiti umekwisha. Usiku wakanitumia rasimu ya sura ya kwanza nipitie. Ukurasa wa pili, Mwalimu Nyerere anafundisha katika shule aliyosoma.

Wadogo zangu, nawapenda. Lakini kosa hili nimelisahihisha mara nyingi mno, na leo naandika ili mwakani nitume hiki tu nikalale.

1. Shule ni mbili. Nyerere alisoma Shule ya Serikali Tabora, Tabora Boys ya leo, kuanzia 1937 hadi 1942. Baada ya Makerere alirudi mji huuhuu akafundisha St. Mary's, shule ya misheni ya Mapadri Weupe wa Kikatoliki, mpaka alipoondoka kwenda Edinburgh mwaka 1949. St. Mary's ndiyo Milambo ya leo. Ukimweka kwenye shule isiyo yake, umewanyang'anya Milambo mwalimu wao, na Milambo hawasahau.

2. Jina la shule lichunguzeni kama mnavyochunguza jengo. Sheria ya Elimu ya 1969 ndiyo iliyozitia shule za misheni mikononi mwa serikali, na majina ya watakatifu mengi yakaondoka. Sasa angalieni utani wa historia: Mirambo, mtemi wa Urambo, mwaka 1871 aliivamia Tabora hii na kuchoma sehemu ya mji, wakati Stanley, yule mwandishi wa habari aliyekuwa akimtafuta Livingstone, yuko hapa akihesabu mizigo yake. Leo jina lake liko getini mwa Milambo, kwa matamshi ya nyumbani, na vijana wa mji alioutia moto wanaliimba kwenye mechi. Hilo peke yake ni sura nzima ya tasnifu. Mmeliandikia mstari mmoja: "Shule ilibadilishwa jina."

3. Jiwe la msingi. Hapa nivumilieni kidogo.

Nilikuwa na mwaka wa tatu kazini, najiona mwanahistoria. Shule niliyokuwapo (sitaitaja, na wanaoijua wanyamaze) ilikuwa inajiandaa na sherehe ya kumbukumbu, nikapewa kazi ya kuandika kijitabu. Ukutani mwa bwalo kulikuwa na jiwe lililochongwa mwaka. Nani abishane na jiwe? Nikaandika kwamba bwalo lilijengwa mwaka huo. Sikuishia hapo. Madarasa yana matofali yanayofanana na ya bwalo, basi nayo ni ya mwaka huo. Bweni limepakana na madarasa, basi nalo. Nikamtungia mhandisi mawazo kichwani, nikaeleza jinsi alivyoupanga ua uelekee machweo. Aya nzima ya machweo. Nilimsomea mke wangu mara mbili.

Siku ya sherehe, mgeni rasmi yuko meza kuu, mimi kwenye kipaza sauti naisoma aya ya machweo. Nyuma akanyoosha mkono mzee mmoja aliyekuwa mpishi wa shule kwa miaka mingi. Mshereheshaji akadhani anataka maji. Mzee akasimama, akaamkia kila anayestahili kuamkiwa, bila haraka, halafu akasema: "Mwalimu, jiwe hilo tulilileta sisi kwa toroli. Lilikuwa kwenye zahanati ya shule, ikaanguka kwa mvua. Mkuu wa wakati ule akasema lisitupwe, lina jina la mkubwa. Bwalo hili nimelipikia likiwa bado linanuka chokaa, na huyu mwanangu wa kwanza alikuwa anatambaa."

Mwanawe alikuwa ameketi pembeni yake. Rika langu.

Watu hawakucheka papo hapo. Walimtazama mwana, wakanitazama mimi, ndipo wakacheka. Vijitabu vilikuwa 300. Kwa siku tatu nilikaa na mkasi na gundi nikibandika kipande cha karatasi juu ya machweo yangu, nakala moja moja. Lakini kilichoniuma si mwaka. Mzee yule nilimpita jikoni kila siku kwa zaidi ya miaka miwili. "Shikamoo mzee, leo maharage?" Hilo ndilo swali nililowahi kumwuliza.

4. "Jengo la Mjerumani." Kila ukuta mnene Tabora umejengwa na Mjerumani, eti. Reli ilifika hapa 1912. Kabla ya hapo kila kitu kilikuja kichwani mwa mpagazi, na mzigo wa mpagazi ulikuwa kama kilo 30. Ukiambiwa jengo lenye mihimili mirefu ya chuma ni la zamani kuliko reli, uliza nani aliibeba. Wabelgiji nao waliingia mjini Septemba 1916, Waingereza wakafuata, kwa hiyo jalada likigeuka ghafla kutoka Kijerumani kwenda Kifaransa msidhani mhifadhi amekosea.

5. Msiandike kwamba Shule ya Serikali Tabora "ilianzishwa 1922 ili kuwaelimisha Waafrika" mkaweka nukta. Waafrika gani? Ilikusudiwa watoto wa machifu, maana Mwingereza alitaka watawala wa kumtawalia. Nyerere mwenyewe alikuwa mtoto wa mtemi Burito wa Wazanaki. Baadaye alipita hapo Rashidi Kawawa, Waziri Mkuu wa baadaye, ambaye hakuwa mtoto wa mtemi yeyote. Kati ya hao wawili kuna kitu kilichobadilika, na hicho ndicho mlichotumwa kutafuta. Tabora Girls ni ya 1928. Nendeni na huko, si mbali, na mtu wa kupiga naye picha getini hakosekani.

6. Wazee hawaulizwi mwaka. Uliza: kabla au baada ya Uhuru? Kabla au baada ya ule mkutano wa TANU hapa Tabora, Januari 1958, wa Kura Tatu, yaani kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja? Mtoto wako wa ngapi alikuwa tumboni? Utapata tarehe nzuri kuliko ya jiwe.

7. Pigeni picha nyuma ya jengo pia.

Sasa wale watatu. Rudini. Kuna fundi bomba mstaafu, anajua kila bomba linapita wapi chini ya viwanja vile na nini kilikuwa juu yake kabla. Anapatikana mpaka saa tatu asubuhi, baada ya hapo yuko shambani kwa nyuki wake. Salamu ni "mwangaluka", mkishindwa basi shikamoo. Na sukari iwe kilo mbili. Aliyemtembelea mwezi uliopita alipeleka moja, na nimeshaambiwa.