Barua kwa mwanangu: Lisome kwanza lile daftari

Mwanangu Baraka,

Salamu zako nimezipata, na swali lako nimelala nalo siku tatu, maana na mimi liliwahi kunishinda. Unasema mfumo mpya wa kompyuta kwenye stoo ya dawa una miezi minne sasa, watu wote walipelekwa semina ya siku mbili, mashine ni mpya, na bado mzee wa stoo ana kaunta buku chini ya meza. Kila kinachotoka anakiandika humo kwa kalamu kwanza. Unaniuliza: "Mama, nimnyang'anye lile daftari, au nimwandikie barua ya onyo?"

Usimnyang'anye, na barua usiiandike. Lisome kwanza lile daftari.

Wewe mwenyewe umeninukulia mstari mmoja ulioukuta humo: "Wodi ya wazazi, dripu 6, saa 8 usiku, sista wa zamu." Umeuona kuwa ni ushahidi wa ukaidi. Hebu fikiri, baba. Saa nane usiku, mfamasia mwenye ruhusa ya kuidhinisha kwenye kompyuta yuko kwake amelala. Wodini kuna mzazi anatoka damu. Mzee atoe, asitoe? Akitoa, asubuhi mashine itasema dripu 6 hazipo, na atakayeulizwa ni yeye mwenye funguo. Ule mstari ndio shahidi wake pekee. Unataka kumwondolea shahidi, halafu unashangaa anamficha!

Nilipokuwa ofisa utumishi kiwandani, wewe ukiwa bado mgongoni, uongozi uliamua zamu ya jioni iishe saa 5 usiku badala ya saa 4. Sababu zao zilikuwa za maana. Tangazo niliandika mimi, nikalibandika ubaoni kwa mkono wangu. Hakuna aliyepinga. Wiki ya pili ukaanza utoro, karibu wote wanawake, nikaagizwa niandae barua za onyo. Niliandaa 11. Usiku mmoja nilichelewa kazini kwa ajili ya mishahara, nikapita ghala la pamba, nikawakuta akina mama wamelala juu ya marobota, khanga zimewafunika nyuso kwa sababu ya mbu. Wanangoja kuche. Basi la mwisho lilikuwa likipita getini saa 4 na nusu. Kila mlinzi alilijua hilo. Sisi wa ofisini tulirudishwa na gari la kiwanda, na hatukuwa tumemuuliza mtu. Zile barua 11 zinaniuma mpaka leo.

Baadaye, nilipopelekwa Mzumbe kusoma, tulifundishwa kisa cha kiwanda cha Harwood, huko Marion, Virginia, Marekani. Walikuwa wakishona pajama. Lester Coch na John French walichapisha utafiti wao mwaka 1948, na mimi sijausahau kwa sababu ya udogo wa jambo lenyewe. Wapiga pasi 18 walikuwa wakipanga nguo nusu dazeni nusu dazeni juu ya kipande cha kadibodi. Wakaambiwa sasa wazipange ndani ya boksi. Basi, boksi tu. Wakaitwa kikaoni, wakaelezwa kwamba ushindani ni mkali, wakaonyeshwa malipo mapya, maswali yakajibiwa, kikao kikafungwa. Ni semina yako ile ile. Kazi ikashuka na haikupanda. Wakalalamikia malipo, yakapimwa upya, yakaonekana yamewapendelea kidogo. Ndani ya siku 40, asilimia 17 walikuwa wameacha kazi. Kumbe kwenye vikundi ambako kila mmoja alikaa kuipanga kazi mpya tangu mwanzo, kasi ilirudi upesi ikapita hata ya zamani.

Ungesema pengine wale wapiga pasi walikuwa watu wagumu tu. Lakini baada ya miezi miwili na nusu, 13 waliobaki walikusanywa tena, wakapewa kazi nyingine mpya, safari hii wakashirikishwa. Wakafanya vizuri kama wenzao. Watu wale wale, Baraka.

Utaniambia Baraza la Wafanyakazi lilijulishwa. Mabaraza hayo tunayo tangu Waraka wa Rais Na. 1 wa 1970, na vikao vyake nimekaa vingi. Mara nyingi mtu anaitwa kusikia kilichokwisha kuamuliwa, anapewa soda na nauli, anasaini mahudhurio. Huyo ameambiwa. Hajashirikishwa.

Sisemi kila anayegoma ana haki. Wizi wa dawa upo, na wapo wanaopenda daftari kwa kuwa karatasi huchanika. Lakini mwizi haandiki saa na jina la zamu.

Kwa hiyo nenda usiku, wakati wa zamu yake. Usiende na kijana wa kompyuta siku ya kwanza. Mwambie akusomee kurasa zake, na kila mstari ambao mfumo hauna mahali pa kuuweka, uuandike. Kisha waite walioutengeneza, na mzee awepo, aeleze kwa kinywa chake. Pengine itahitajika ruhusa ya dharura ya usiku: aliyetoa na aliyechukua wabaki kwenye kumbukumbu, mfamasia athibitishe asubuhi. Wao watajua namna.

Na liko jambo hukuliandika ila nimelisoma. Unasema anabonyeza kwa kidole kimoja na vijana wanacheka. Huyu ni mtu ambaye kwa miaka yote hiyo ndiye aliyekuwa anaulizwa dawa iko rafu gani. Leo anawauliza watoto wa juzi herufi iko wapi. Hilo ni zito kuliko kompyuta yenyewe. Mtafutie kijana mmoja mpole akae naye pembeni, pasipo na hadhira. Na kama kwenye mipango yenu kuna nafasi itakayofutwa, mwambie sasa, wewe mwenyewe, mkiwa mmekaa. Asije akasikia kwa mhudumu wa chai.

Ukitoka huko niandikie alichokusomea, hasa kurasa za mwanzo, kabla hajajua kwamba kuna mtu ataziona. Na ubebe chupa ya chai ya tangawizi na vikombe viwili. Usiku wa stoo ni mrefu.

Mama yako