Ukitaka kukutana na wasanii Nyanda za Juu Kusini

Vijana wanaoanza uchoraji huniuliza, "Kaka, huku kwetu galari ziko wapi?" Wanamaanisha chumba cha kuta nyeupe, picha zimetundikwa kwa nafasi, bei iko pembeni. Kwa hilo panda basi uende Dar es Salaam, ukaione Nafasi Art Space pale Mikocheni. Ukizunguka Mbeya na Iringa kutafuta chumba cha namna hiyo utapoteza nauli. Huku tunafuata kazi pale inapofanyiwa.

Mimi nakaa Mbeya, lakini mwenzangu akitaka kuanza safari namwelekeza Iringa kwanza. Ukishuka stendi ya Igumbilo chukua daladala ya mjini, uliza Neema Crafts. Kituo kile kilianza mwaka 2003, na mafundi wake wengi ni watu wenye ulemavu. Nenda siku ya kazi, usiishie dukani. Omba kuona karakana. Wengine wanafuma, wengine wanatengeneza karatasi, ikiwemo ile maarufu ya kinyesi cha tembo. Mgahawani utahudumiwa na viziwi, kwa hiyo jifunze walau salamu na "asante" kwa lugha ya alama kabla hujafika. Nunua karatasi chache ukazijaribu nyumbani: zinanyonya rangi ya maji haraka sana, itabidi ubadilishe mkono.

Makumbusho ya Boma yapo mjini humo humo. Pita. Lakini muda wako mwingi upeleke Igeleke, nje kidogo ya mji, kwenye michoro ya kale ya rangi nyekundu mwambani. Nenda na mwenyeji, na usikubali mtu amwagie maji ukuta ule ili picha ya simu itoke vizuri. Maji hayo ndiyo yanayoimaliza.

Sokoni Iringa utakuta kina mama wenye vikapu vilivyosukwa kwa majani ya milulu. Wewe ni msanii, unajua kazi ya mkono inakula saa ngapi; usibishane bei kama mchuuzi. Mwamkie kwanza, "Kamwene", kaa, kisha uliza milulu inakatwa wapi na rangi wanaipika na nini. Swali la "unapata wapi msukumo wa kisanii" liache kabisa. Fundi ukimuuliza malighafi na wateja, atakueleza mpaka chai ipoe.

Mbeya sasa. Wengi hawawahesabu wachora mabango wa Mwanjelwa kuwa wasanii, na hapo mimi hugomba. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alichora kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi, na leo jina lake ni jina la mtindo mzima. Simama na hawa jamaa nusu siku uone mstari unavyovutwa bila rula. Wakikupa brashi, ishike. Ila ujue kuwa mwezi wa sita na wa saba rangi ya mafuta inachelewa kukauka kwa baridi yetu, na wewe mwenyewe utahitaji sweta.

Ukiwa na siku ya ziada, shuka Kyela mpaka Matema. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe wanafinyanga vyungu kwa mikono, na Jumamosi huuzwa kwenye mnada wa Lyulilo, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Fika mapema. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha mapambo yao, kwa sababu nakshi ikishaingia mtandaoni kuna mtu ataichapa kwenye fulana na mwenyewe hapati hata senti.

Kokote uendako beba kazi zako ndogo, mbili au tatu, za kushikwa mkononi. Picha za kwenye simu watu wanazipitisha tu kwa kidole. Na ukinunua chungu Lyulilo, kifunge kwa khanga, kisha ongea na konda kabla hujapanda gari: akikitupia kwenye buti pamoja na magunia ya mchele, utashuka Mbeya na vigae.