Maswali yenu: Fainali ya SEC, mkeka, na kiwiko cha Carson Beck

Fainali ya futiboli ya Kimarekani ya SEC, konferensi (yaani ligi) ya vyuo vikuu vya kusini mwa Marekani, ikikaribia, simu yangu haipumui. Nianze na mepesi.

Mechi ni saa ngapi kwa saa za nyumbani? (Msomaji, Mwanza)

Huchezwa hapa Atlanta, Jumamosi ya kwanza ya Desemba. Kwa kawaida huanza saa kumi jioni huku kwetu, kwenu saa sita usiku wa kuamkia Jumapili. Na zile linki za "tazama bure" zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, ziacheni. Mtu anayekuomba nywila ili akuoneshe mpira hana mpira wa kukuonesha.

Bingwa wa SEC si ndiye bingwa wa Marekani? (Msomaji, Kampala)

Hapana. Nimelijibu swali hili kila mwaka, naomba sasa tulifunge. Mwaka 2021 Alabama iliichapa Georgia 41–24 kwenye fainali ya SEC. Zikakutana tena Januari, Georgia ikashinda 33–18 na kubeba ubingwa wa taifa. Makombe mawili tofauti.

Zamani tulikuwa na Mashariki na Magharibi. Makundi yamekwenda wapi? (Msomaji, Mombasa)

Yalifutwa mwaka 2024, Texas na Oklahoma zilipoingia na timu zikafika 16. Sasa wawili wenye rekodi bora kwenye msimamo ndio wanaokutana, na mimi naona ni afadhali. Miaka mingi kundi moja lilikuwa zito na jingine jepesi, fainali ikawa ya upande mmoja. Mashabiki wa Missouri wanaikumbuka 2014, walipofungwa na Alabama 42–13.

Lakini ujue fainali yenyewe ilizaliwa kwa sababu ya makundi hayo. Kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, ziliruhusu konferensi yenye timu 12, zikigawanywa mara mbili, kuongeza mechi moja ya kumpata bingwa. Roy Kramer, kamishna wa SEC wakati ule, akaiona nafasi. Arkansas na South Carolina zikaingia, na Desemba 1992 fainali ya kwanza ikapigwa uwanja wa Legion Field, Birmingham. Alabama na Florida zilikuwa 21–21 dakika za mwisho, Antonio Langham akanasa pasi ya Florida na kukimbia nayo hadi mwisho wa uwanja. 28–21. Tangu 1994 mechi ikahamia Atlanta na haijaondoka.

Wengi walilalamika kwamba mechi ya ziada itamnyima Alabama ubingwa wa taifa. Alabama ikashinda na ubingwa ikauchukua. Konferensi nyingine zilipoona mapato ya televisheni na viingilio, nazo zikafuata.

Mwaka 2025 Alabama ilifungwa 28–7 na Georgia na bado ikaingia mchujo wa kumpata bingwa wa taifa. Hiyo ni haki? (Msomaji, Nairobi)

Kwa Alabama peke yake, naweza kuitetea. Timu iliyofuzu fainali isiadhibiwe kwa kucheza mechi ambayo wenzake waliitazama kwenye kochi. Ila mizani iwe moja. Siku hiyohiyo timu ya chuo cha BYU ilifungwa 34–7 na Texas Tech kwenye fainali ya Big 12, konferensi nyingine. Kamati inayopanga orodha ya timu za mchujo ikaiacha Alabama palepale nafasi ya 9. BYU ikashushwa kutoka 11 hadi 12 na kubaki nje, maana mchujo una nafasi 12 na baadhi zimetengewa mabingwa wa konferensi waliokuwa chini yake. Kweli, kwa hesabu hiyo hata nafasi ya 11 isingeiokoa BYU. Lakini kipigo ni kilekile, fainali ni ileile; mmoja hakuguswa, mwenzake akateremshwa.

Linaloniuma zaidi ni upande wa mshindi. Mwaka 2024, mchujo ulipopanuliwa kutoka timu 4 hadi 12, mabingwa wanne wa juu wa konferensi walipewa raundi ya kwanza ya kupumzika. Hiyo ilikuwa tuzo, mchezaji aliingia uwanjani akijua anapigania nini. Mwaka mmoja tu, ikaondolewa. Sasa mapumziko ni ya timu nne za juu kwenye orodha ya kamati, ziwe bingwa au zisiwe.

Linganisha na 2012. Fainali ya SEC dhidi ya Alabama, Georgia ilikuwa yadi nane tu kutoka mstari wa kufungia, nyuma 32–28, saa ikikatika. Pasi ya Aaron Murray ikaguswa na beki, ikamwangukia Chris Conley, akaidaka kwa silika na kuanguka yadi tano kutoka mstari. Muda ukaisha wakiwa bado wanahangaika kujipanga. Alabama ikaenda kuichapa Notre Dame 42–14 na kutwaa ubingwa wa taifa. Georgia, kwa yadi hizo tano, ikakosa kila kitu. Ilikuwa katili, lakini kila mtu uwanjani alijua uzito wake. Ninachotaka ni tuzo ya bingwa irudishwe. Bila hiyo tunawaomba vijana wavunjane mifupa kwa ajili ya matangazo ya biashara.

Unalia sana na wachezaji. Si wanalipwa siku hizi? Mwanangu anacheza sekondari na vyuo vimeanza kumpigia simu. (Mama, Clarkston)

Ni kweli, mama, wanalipwa. Tangu 2021 wanaruhusiwa kuuza jina na sura zao, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwagawia fedha moja kwa moja. Nafurahi. Lakini hela haiungi kiwiko.

Fainali ya 2024, Georgia na Texas. Jaribio la mwisho kabla ya mapumziko, Carson Beck, kwotabeki (mrusha pasi) wa Georgia, akagongwa akirusha, akaumia kiwiko cha mkono wa kurushia. Gunner Stockton akaingia badala yake. Muda wa ziada, Stockton akakimbia na mpira, akapigwa hadi helmeti ikaruka. Kanuni inasema helmeti ikitoka unakaa nje kwa jaribio moja. Basi Beck akarudi na mkono wake mbovu, akampa mpira Trevor Etienne mkononi, Etienne akafunga. Georgia 22, Texas 19. Beck alipasuliwa kiwiko mwezi huohuo. Georgia iliingia mchujo bila yeye na mechi yake ya kwanza ikafungwa na Notre Dame.

Kuhusu mwanao: usisaini kitu mezani. Jirani yangu aliniletea mkataba wa wakala, kurasa nne, na ukurasa wa tatu kulikuwa na asilimia 20 ya kila atakachopata kijana. Kwa wachezaji wa NFL, ligi ya kulipwa, kikomo cha wakala ni asilimia 3 ya mkataba. Mtafute mwanasheria asiyeletwa na wakala huyo, na kiulizeni chuo swali moja kwa maandishi: kijana akiumia, nani atalipa matibabu, na kwa muda gani?

Nipe timu ya uhakika niweke kwenye mkeka. (Wasomaji kumi na kitu, Dar es Salaam)

Sitoi. Na mkeka ukichanika, msiwatumie vijana wa miaka 20 matusi kwenye simu zao.

Tunakuja uwanjani mara ya kwanza na watoto. Tujiandae vipi? (Msomaji, Nashville)

Msinunue tiketi kwa walanguzi wa barabarani. Mkoba uwe wa plastiki angavu, usiozidi inchi 12 kwa 6 kwa 12. Nimemshuhudia mama mmoja pale getini akimwaga nepi, chupa na kanga kwenye sakafu, akivihamishia kwenye mfuko wa plastiki huku mtoto mgongoni analia na mechi imeshaanza. Gari liacheni mbali, pandeni treni ya MARTA, mshuke Vine City.