Maneno yaliyokua yananitoka mdomoni bila kuyapima

Mi nimezaliwa Lindi, sa hivi nipo Mtwara mjini nauza vitenge, na kwa miaka mingi fundi akiniharibia nguo nasema "kazi ya mtu mweusi hiyo", mteja akizungusha deni nasema "uswahili tu huo", kikao cha vikoba kikianza kwa wakati nasifia "leo tumeenda kizungu". Nayasema hayo mbele ya wanangu, na mimi mwenyewe Mswahili, mweusi, wao pia.

Aliyenishtua ni baba mkwe. Binti yangu wa darasa la 5 alikua anamsimulia habari za mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria ambaye mifupa yake ilitoka huku kwetu Lindi, kwamba Wazungu walimgundua, wakamchimba, wakamsafirisha Ujerumani. Mzee kwao ni vijiji vya huko huko, akauliza taratibu tu, "Na waliombeba akina nani, mjukuu wangu?" Mtoto kimya. Na mimi kimya, maana ndo mimi niliyemfundisha ivyo.

Nikaanza kusoma. Kazi ile ilianza 1909 mpaka 1913, waliochimba ni mamia ya watu wetu, msimamizi wao mkuu akiwa Boheti bin Amrani, alafu mifupa ikabebwa kwa miguu, kichwani na mabegani, mwendo wa siku kama 4 mpaka bandarini Lindi. Mjusi huyo aliyesimamishwa Berlin 1937, urefu wake kwenda juu unapita mita 13, kafika pwani kwa shingo za babu zetu, tena miaka 2 tu tangu Maji Maji iishe, mashamba yalishachomwa na njaa imeua watu wengi mno. Na hiyo vita Wajerumani waliiita uasi, na mimi nilikua naiita ivyo ivyo, wakati anayeasi ni yule mwenye mtawala wa halali, sasa Wamatumbi waliolazimishwa kulima pamba walimuasi nani?

Kwaiyo siku hizi nikisikia "Wajerumani walijenga boma", naongeza nani alibeba mawe. Nawashauri na nyie mjaribu, hasa mnaoongea na watoto.

Lakini kilichonisaidia zaidi ni kulitaja kosa lenyewe. Zamani nikishamwambia fundi "kazi ya mtu mweusi" nimemaliza, hajui akosoe wapi, ananuna na mimi nanuna. Sasa namwambia "bega la kulia limepinda, fumua", anafumua, anashona upya, na kumbe muda wote ule nilikua namtukana mtu na ukoo wake kwa sababu ya bega.

Mkianza msiwasute watu hadharani. Nilimkosoa wifi yangu mbele ya wageni kisa kasema mama yake anaongea "kilugha", akaumia, wiki 2 hatusalimiani vizuri, nikaenda kumuomba radhi. Siku hizi akisema kilugha mi najibu tu "eeh, Kimakonde chake kitamu", naye kaanza kusema Kimakonde.

Si kila neno la kutupa jamani, kuku wa kienyeji nitaendelea kumwita ivyo, mwenyeji si ndo mwenye kwake.

Linalonisumbua mpaka leo ni hilo la kizungu. Jumamosi kwenye vikoba lilinitoka tena, binti yangu alikua pembeni anahesabu hisa akaniangalia, nikarudia kwa sauti wote wasikie: leo tumewahi, hongereni akina mama.